Alama ya Shija Bila Wenzake

Jumamosi, Miombo ya Tabora walifungwa mabao mawili kwa moja mbele ya mashabiki wao wenyewe. Jumatatu saa nne asubuhi mechi ile ile ilichezwa tena kwenye uwanja ule ule, mara elfu nne, na hakuna mguu wa mtu uliokanyaga nyasi.

Waliocheza walikuwa vivuli. Siku ya mechi, nzi-jicho mia mbili, vidude vya kuruka vyenye kamera visivyozidi punje ya hindi, vilikuwa vimezagaa juu ya uwanja vikikusanya kila hatua. Jezi zilizofumwa kwa nyuzi-hisi zilinasa mapigo ya moyo na mizunguko ya viuno. Vinasa-koo, vishikizo vidogo vilivyobandikwa shingoni mwa wachezaji, vilinasa kila neno. Vyote vilimiminwa ndani ya mtambo uitwao Mzani, nao Mzani ukaumba watu wa mwanga, warefu sawa na wenyewe, wenye namba mgongoni, ukawaachia uwanjani. Walikwenda kasi mno hata jicho likaona ukungu wa rangi tu.

Kivuli kimoja kilikuwa cha mtu halisi: Shija Luhende, kiungo mchezeshaji wa Miombo, yule ambaye kila mpira wa timu lazima upitie miguuni kwake. Vile vingine kumi havikuwa wenzake. Vilikuwa wachezaji wa wastani waliobuniwa na mtambo, beki wa kawaida, winga wa kawaida, wa aina ambayo hukosi kila mji. Swali la Mzani lilikuwa moja tu. Mtu huyu, ukimwondolea wanaombeba na wanaomwangusha, ana thamani gani yeye peke yake?

Mhandisi Kokushubila Bejumula, ambaye watu wote walimwita Koku, alikaa jukwaani na chai yake ya rangi akisubiri jibu. Mzani alikuwa ameuunda yeye, kwa miaka sita, huku wakubwa wakimcheka. Hasira zake zilikuwa za karibu, na hakuona sababu ya kuzihamisha.

Saa tano jibu lilitoka. Shija bila wenzake: tisini na tatu. Tangu mtambo uanze kupima, hakuna mchezaji aliyewahi kugusa tisini. Na kilichompandisha ni kile ambacho magazeti yalikiita Jicho la Kisogo. Shija alikuwa akipokea mpira huku adui akimjia kwa nyuma, asiyeonekana, na kabla hajafikiwa anageuka upande ulio wazi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Mzani uliandika: uwezo wa kuhisi bila kuona.

Chini kabisa ya orodha alikaa Mwinjuma Pazi, beki wa kati, alama thelathini na moja. Ana miaka thelathini na minne, mbio zimemwisha, na kwenye safu ya uhasama ameandikiwa maneno ya kumdhalilisha Shija mara mia mbili na kumi na moja katika mechi moja. Koku aliposoma namba hiyo alisonya. Alijisemea kwamba mtu mzima hovyo anamtafuna mwenzake dakika tisini, halafu tunashangaa timu inafungwa.

Sasa hapo pana jambo la kueleza, maana ndipo mkosi ulipotagia mayai. Mwinjuma ni Mzaramo wa Kisarawe. Shija ni Mnyamwezi wa Sikonge. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa isiyo na mpaka. Atakuita mtumwa wake, atakutukania babu, atakuja msibani kwako alale ndani ya kaburi mpaka apewe chochote ndipo atoke, na wewe ukinuna, mkosaji ni wewe. Wale wawili walitukanana uwanjani toka filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, miaka mitano mfululizo.

Mwanzoni mwa msimu sauti za vinasa-koo zilirushwa hewani, dunia ikasikia. Mwenyekiti wa klabu, bwana Kasubi, Mnyamwezi wa hapo hapo mjini anayejua utani ni nini, alishikwa na aibu ya watu wenye viti vikubwa. Aliitisha Kamati ya Staha. Alisema utani ni wa msibani, hapa tunatazamwa na dunia. Akamwagiza Koku aunde Chujio. Koku, aliyekuwa na kazi nyingine kumi na hamu ya kumaliza, alilipika kwa siku mbili. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: sentensi yoyote yenye tusi inaandikwa uhasama dhidi ya msemaji, na kilichobaki ndani yake kinamwagwa kama maji ya kuoshea mchele.

Kasubi alitaka Mwinjuma aondoke kabla ya mechi ijayo; matusi ya Shija, mwenye tisini na tatu zake, aliyafumbia macho. Taratibu zilidai kitu kimoja tu: aliyetukanwa athibitishe kwa kinywa chake kwamba maneno yanamuudhi. Basi Koku akamwita Shija ofisini.

Kijana alikuja na malapa, mwenye furaha zake. Koku alimsomea mfano kutoka kwenye rekodi: kwamba babu yako alibeba meno ya tembo kutoka hapa mpaka pwani, wewe hata mpira unakulemea. Shija alicheka mpaka akakohoa. Alisema hilo si kitu, dada, ungesikia nilivyomjibu. Koku hakucheka. Alimwambia kamati haikuuliza kama anacheka, imeuliza kama daima anapendezwa. Kisha akamgeuzia kioo cha Mzani, na hilo ndilo kosa ambalo baadaye lingemnyima raha, kwa sababu hakuna kanuni iliyomtaka afanye hivyo. Alitaka tu amalize.

"Huyu ni wewe peke yako," alimwambia. "Tisini na tatu. Na hii arobaini na saba ni timu nzima, ukiwa nao."

Shija aliitazama namba ile. Aliitazama muda mrefu, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Ndugu yangu, sifa ni pombe, na huyu alikuwa amepewa pipa. Alipofungua mdomo aliongea kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Kusema kweli, dada Koku, siku nyingine yanazidi."

Kinasa kilichukua maneno hayo matatu ya mwisho, na ikawa hati.

Mwinjuma alifika kesho yake bila kuitwa. Alikuwa mtu mrefu mwenye magoti yaliyofungwa bendeji, na aliingia akitania, kwa sababu hakujua mlango mwingine wa kuingilia kwa watu. Alimuuliza Koku kama huko Bukoba wamemaliza senene mpaka akaamua kuja kula watu wa Tabora. Koku alimwambia yeye si mtani wake. Mwinjuma akaomba radhi, akaketi, akajaribu kueleza. Alisema yeye miguu haimo tena, lakini macho yamo. Kule nyuma anauona uwanja mzima, na Shija anaona mpira tu. Alisema, mama, mimi ndiye ninayemwambia.

Koku aliuliza anamwambia nini, matusi mia mbili na kumi na moja? Mwinjuma alicheka akasema mtu huyo hasikii lugha nyingine. Ukimwita kwa adabu katikati ya kelele elfu arobaini hakusikii, ukimtukania babu anageuka papo hapo. Alisema hivyo huku akitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomchoma Koku. Alikwisha kuona wanaume wengi wakitabasamu mbele ya kazi yake. Alimwambia Mzani hauna upendeleo, hauna ujana wala uzee, na kwamba kila mchezaji anayeshuka ana hadithi.

Mzee wa watu akauliza swali moja tu, kama ni kweli Shija amelalamika kwa kinywa chake. Koku alimsikilizisha rekodi. *Siku nyingine yanazidi.* Mwinjuma aliomba arudie. Akarudia. Yule mtu alichukua kofia yake, akasema ahsante mama, akatoka akivuta mlango taratibu. Koku alibandika dole gumba kwenye hati, na moyoni alihisi amefanya kazi safi.

Nafasi ya Mwinjuma ilichukuliwa na beki wa miaka ishirini na miwili, mwenye mbio, mwenye alama themanini na nane na kinywa kisafi. Alicheza kimya kama mtu aliye maktaba.

Miombo wakafungwa. Wakafungwa tena. Shija alianza kunyang'anywa mpira kama mtoto anayenyang'anywa andazi, na kila mara adui alitokea kwa nyuma. Jicho la Kisogo lilikuwa limepofuka. Magazeti yale yale yaliyomwimba yakaandika kwamba amevimba kichwa. Mzani nao ukaandika: umakini umeshuka, sababu binafsi. Koku aliisoma ile *sababu binafsi* mara tatu na kwa mara ya kwanza akaichukia kazi ya mikono yake, ila hakujua kwa nini.

Mechi ya tano, dakika ya sitini na sita, Shija alipokea pasi akiwa ameupa mgongo uwanja. Nyuma yake mshambuliaji wa wapinzani alikuwa anakuja kwa kasi yote aliyonayo, na uwanja mzima ulimwona isipokuwa mtu mmoja. Kwa nusu sekunde Shija alisimama bila kugeuka popote. Waliokuwa karibu walisema alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza. Kisha akagongwa. Goti likaenda upande wake na nyonga upande wake.

Madaktari walisema atatembea. Kucheza, hapana.

Koku aliacha kila kitu akaenda kuchimbua jalala la Chujio, mahali Mzani ulipotupa sentensi zote zilizokataliwa. Zilikuwepo bado, kwa sababu mtambo hutupa lakini haufuti. Alivaa visikizio akafungulia mechi ile ya Jumamosi, ile ya tisini na tatu, akamsikia Mwinjuma.

"Mpagazi wewe, mtu kulia. Geuka kushoto, mla michembe, kushoto nimesema. Acha upite huo, mjukuu wa mtumwa wangu, winga anakuja. Mtu nyuma. Mtu nyuma, mbwa wewe. Haya, sasa piga."

Na baada ya kila neno, chini ya nusu sekunde, Shija anageuka. Matusi mia mbili na kumi na moja, na katika hayo, mia moja themanini na saba yalikuwa na maelekezo ndani yake. Mzani ulikuwa umeona mtu anageuka bila kuambiwa na mtu, ukasema, loo, huyu anahisi bila kuona. Ulitupa sauti, ukampa sifa aliyesikia, ukamwadhibu aliyesema. Na ulipoviumba vivuli vyake mara elfu nne, uliviumba bubu, huku kivuli cha Shija kikiendelea kugeuka kwa amri ambazo hakuna aliyezitoa.

Alipima upya. Shija bila wenzake: hamsini na nane. Kiungo mzuri, hana ubaya, kama wengine ishirini nchini. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alichukua sauti ya Mwinjuma akaiweka masikioni mwa vivuli vya wale viungo ishirini, kimoja kimoja. Wote walipanda juu ya themanini. Mchezaji bora aliyewahi kupimwa na Mzani alikuwa beki wa miaka thelathini na minne asiyeweza kukimbia, na yeye Koku alikuwa amemfukuza kwa dole lake mwenyewe.

Alikwenda kwa Kasubi akiwa na hasira ambayo hata mlinzi wa mlangoni hakuthubutu kuiuliza inakwenda wapi. Alimweleza yote kwa sauti iliyosikika mpaka korido ya pili. Alisema ile *sababu binafsi* ifutwe leo leo, kwamba Shija hakuzembea, kwamba tumemtoa mtu macho tukamlaumu kwa kujikwaa. Kasubi alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kidevu. Kisha alisema ni habari njema sana, kwa kuwa sauti za Pazi bado ni mali ya klabu, basi atengeneze kinong'ona cha sikioni kwa ajili ya kiungo mpya, matusi yapunguzwe kidogo.

Koku alimwita mtu asiye na haya. Alilisema hilo wazi, mbele ya katibu muhtasi. Kasubi hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mimi niliagiza, mhandisi," alisema. "Wewe uliunda. Na Mnyamwezi mwenzangu akashtaki. Ukitaka kugawa aibu, gawa kwa watatu."

Koku alitoka. Tangu siku hiyo hakubandika tena dole kwenye hati yoyote ya Mzani, lakini hilo halikumrudishia mtu goti.

Hospitalini Shija alikuwa halii wala haongei. Alisukuma chakula pembeni, na alipoambiwa ajaribu kusimama kwa magongo aligoma. Wauguzi walisema huuliza jambo moja tu kila asubuhi, kama Mwinjuma amekuja. Mtani hakosi ugonjwani, hiyo ni sheria kubwa kuliko ya kamati. Wiki mbili zilikuwa zimepita. Koku aliona bado kuna kitu kimoja kinachoweza kuokolewa, na hicho hakipimwi, nacho kiko mikononi mwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimfukuza.

Alimkuta Mwinjuma chumbani kwake akifunga mizigo. Alikuwa anarudi Kisarawe kwa treni ya sumaku ya saa kumi. Koku alimwomba radhi, na kwa mtu wa hasira kuomba radhi ni kazi ya kuvunja mawe, lakini aliivunja yote. Alimwambia namba zote. Mwinjuma alisikiliza huku akikunja mashati, wala hakuonekana kushangazwa na namba. Alisema atapita hospitali, ni njiani.

Aliingia wodini amevaa kanzu iliyopigwa pasi, ameshika mfuko wa machungwa. Shija alipomwona alijiinua kwa viwiko, na uso ukamwaka kama taa. Hakungoja salamu. Alimwambia, Mzaramo, umekuja kunizika, kaburi bado halijachimbwa, rudi kwenu ukacheze mdundiko. Halafu akasubiri huku anacheka, mtu aliyerusha mpira na kuweka kifua tayari kuupokea.

Mwinjuma aliweka machungwa juu ya meza.

"Habari za leo, ndugu Shija," alisema. "Pole sana kwa yaliyokupata. Mungu akujalie upone."

Koku, aliyesimama mlangoni, alifikiri ni mwanzo wa mzaha mrefu. Shija naye alifikiri hivyo. Aliongeza tusi jingine, kubwa zaidi, la kizazi cha tatu. Mwinjuma alitikisa kichwa kwa upole na kuuliza kama madaktari wanamhudumia vizuri. Hapo ndipo uso wa Shija ulipoanza kubadilika.

"Nitukane," Shija alisema.

Mwinjuma aliupanga vizuri mfuko wa machungwa.

"Mwinjuma, nitukane basi. Hata moja."

"Nilikuwa na mtani," Mwinjuma alisema, bila ukali wowote. "Nilimsikia kwa masikio yangu akisema yanazidi. Mtani akishakupeleka barazani, utani umekufa, huo haufufuki. Sina kinyongo na wewe. Nimekuja kukupa pole kama ninavyompa mtu yeyote."

Koku alisogea, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeuliza, yeye ndiye aliyemwonyesha kijana ile namba. Mwinjuma alimsikiliza kwa heshima ile ile inayokera.

"Wewe uliuliza, mama," alisema. "Kujibu alijibu mwenyewe."

Akampa Shija mkono, mikono yote miwili, kama mtu anavyomsalimia mkwe. Akamtakia nafuu. Akatoka, na hatua zake za magoti mabovu zikasikika zikipungua kwenye korido.

Shija alianza kumtukana. Alianza kwa sauti ya chini, kisha akapandisha. Alimtukania babu, alimtukania ngoma, alimwita mtumwa, mvivu, mla nazi mbichi, alimwaga kila utani aliorithi na mwingine alioubuni hapo hapo, akiutazama mlango uliofungwa, na machozi yakimwingia mdomoni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. Muuguzi alikuja mbio, amekunja uso, akamuuliza Koku huyu anamtukana nani.

"Hamtukani mtu," Koku alisema. "Anamwita rafiki yake."

Muuguzi alifungua mlango akatazama nje. Korido ilikuwa tupu mpaka mwisho.